Jinsi ya Kuwasilisha Malalamishi ya Ubaguzi Kazini Ukiwa Nairobi

Mfanyakazi anayebaguliwa kazini jijini Nairobi hakosi ofisi ya serikali ya kumsikiliza. Zipo zaidi ya tano, baadhi zikiwa umbali wa kutembea kwa miguu pale Upper Hill, na wingi huo ndio unaowachanganya watu. Mlalamishi huanza na ofisi isiyo na mamlaka juu ya shida yake, akaelekezwa kwingine, akaambiwa arudi wiki ijayo na barua fulani, na kabla hajajua hasa anachokitafuta, miezi mitatu ya kwanza imekwisha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyapanga malalamishi kabla ya kutoka nyumbani, ofisi ya kuanzia, na mambo ya kuangalia baada ya faili kufunguliwa. Hauchukui nafasi ya wakili, ingawa mtu anaweza kufika mbali bila wakili akiwa amejipanga.

Kwanza, jiulize kama ni ubaguzi

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa misingi ya rangi, jinsia, lugha, dini, maoni ya kisiasa, uraia, kabila au asili ya kijamii, ulemavu, ujauzito, hali ya akili au hali ya kuishi na virusi vya ukimwi. Kinamlinda pia aliyeomba kazi akanyimwa, na kinazigusa hata kampuni zinazowatafutia watu kazi. Katazo hilo linahusu kuajiri, mafunzo, kupandishwa cheo, masharti ya kazi, malipo na kuachishwa kazi. Umri haumo katika orodha hiyo, jambo linalowashangaza wengi wanaoambiwa kwamba wamezeeka mno kwa kazi ya mauzo. Hata hivyo, Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinautaja umri pamoja na hali ya afya na mavazi, na ndiyo maana ni busara malalamishi yataje Katiba na Sheria ya Ajira kwa pamoja.

Si kila uonevu ni ubaguzi. Msimamizi anayewafokea wafanyakazi wote bila kujali ni nani hana adabu, na pengine anavunja sheria nyingine, lakini tume ya usawa haitapata la kushika katika malalamishi dhidi yake. Kinachotafutwa ni mambo mawili yanayokwenda pamoja: kwamba ulitendewa tofauti na mtu mwingine aliye katika hali kama yako, na kwamba tofauti hiyo inatokana na mojawapo ya misingi iliyotajwa. Ubaguzi unaweza pia kuwa wa kuzunguka. Kanuni inayowataka wafanyakazi wote waje kazini kila Jumamosi bila ubaguzi unaoonekana inaweza kumwangukia Msabato peke yake. Kwa upande mwingine, sheria inaruhusu hatua za kuwainua waliokuwa wameachwa nyuma, na inaruhusu sifa ambayo kazi yenyewe inaidai, kwa hiyo jiandae kujibu hoja hiyo kabla mwajiri hajaitoa.

Kusanya karatasi ukiwa bado ndani

Wakati mzuri wa kukusanya ushahidi ni kabla ya kufutwa, kwa sababu siku barua ya kuachishwa inapotoka, barua pepe ya kazini hufungwa na mlinzi wa getini huagizwa asikuruhusu kuingia. Weka nakala za mkataba, hati za mshahara, tathmini za utendaji, barua za onyo, barua ya kutakiwa kujieleza na majibu yako. Ujumbe wa WhatsApp upigie picha ya skrini inayoonyesha tarehe na jina au nambari ya aliyeutuma, kisha uihifadhi nje ya simu ya ofisi. Usichukue orodha za wateja wala mafaili ya wenzako. Ukifanya hivyo utampa mwajiri sababu ya kukufuta ambayo hakuwa nayo.

Asiye na mkataba wa maandishi asikate tamaa. Sheria ya Ajira inampa mwajiri wajibu wa kuandika mkataba, na akishindwa kuutoa katika kesi, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Kibarua wa Industrial Area aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi naye anaweza kuhesabiwa kuwa na mkataba wa kawaida chini ya kifungu cha 37, hata kama amekuwa akilipwa kila jioni. Rekodi zake za M-Pesa na daftari la kuingia getini zinaweza kuwa ushahidi wote alio nao, na mara nyingi zinatosha kuonyesha kwamba alikuwapo kazini siku anazodai.

Unaweza pia kumwandikia mwajiri ukiomba taarifa zako binafsi anazozihifadhi, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuziona. Ikiwa mwajiri ni taasisi ya umma, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ijibu maombi ndani ya siku 21. Matokeo ya mahojiano ya kupandishwa cheo, kwa mfano, yanaweza kuombwa kwa njia hiyo.

Andika ukurasa mmoja, au miwili ikibidi

Hapa ndipo malalamishi mengi yanapoharibikia. Mtu huandika kurasa kumi za uchungu wa miaka mitano, na tendo lenyewe la ubaguzi linapotea katikati. Sentensi kama "meneja wangu ananichukia kwa sababu ya kabila langu na kila mtu ofisini anajua" inaweza kuwa kweli tupu, lakini afisa anayeisoma hana pa kuanzia: hakuna tarehe, hakuna tendo, hakuna mtu wa kulinganishwa naye, na "kila mtu" si shahidi. Linganisha na maelezo haya ya mfano, ya karani wa ghala katika Barabara ya Enterprise:

"Niliajiriwa tarehe 4 Machi 2019 kama karani wa ghala. Tarehe 10 Januari mwaka huu nilimjulisha msimamizi kwa barua kwamba nina ujauzito. Tarehe 24 Januari niliondolewa zamu ya mchana nikapelekwa zamu ya usiku; makarani watatu wa daraja langu, ambao si wajawazito, walibaki mchana. Tarehe 7 Februari, mbele ya karani mwenzangu, msimamizi aliniambia kwamba kampuni haiwezi kulipa likizo ya miezi mitatu kwa mtu asiyezalisha. Tarehe 28 Februari nilipewa barua iliyosema kwamba nafasi yangu imeondolewa. Tarehe 11 Machi nafasi hiyo hiyo ilitangazwa."

Baada ya hapo sentensi moja inatosha: "Naamini nimebaguliwa kwa misingi ya ujauzito, kinyume na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira na Kifungu cha 27 cha Katiba." Maelezo hayo yana nguvu kwa sababu kila sentensi inaweza kukaguliwa. Hata dai la mwajiri kwamba nafasi imeondolewa linaweza kupimwa, kwa kuwa kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinamtaka atoe notisi ya angalau mwezi mmoja, naye afisa wa kazi lazima ajulishwe. Afisa akitazama na kukuta hakuna notisi kama hiyo ofisini mwake, mazungumzo yanabadilika.

Sheria inakusaidia kwa jambo moja kubwa hapa. Kifungu cha 5 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi unaodaiwa haukutokea. Watu husikia hivyo wakadhani kwamba wao hawana la kuthibitisha. Mahakama hutaka kwanza mlalamishi aonyeshe mambo yanayomfanya mtu mwenye akili timamu aone kuna dalili ya ubaguzi, kisha ndipo mwajiri atakiwe kujieleza. Ukurasa wako ndio unaoonyesha dalili hiyo.

Malizia kwa kusema unachotaka. Je, unataka kurudishwa kazini, kulipwa tofauti ya mshahara, kupewa nafasi ya mahojiano uliyonyimwa, au kampuni ibadilishe utaratibu wake? Afisa asiyejua unachotaka atakutafutia suluhu iliyo rahisi kwake. Unaweza kuandika kwa Kiswahili bila kuomba radhi, kwani Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Na asiyejua kuandika anaweza kutoa malalamishi yake kwa mdomo mbele ya tume, yakaandikwa na afisa. Akiandikiwa, asomewe kabla ya kutia sahihi au kidole gumba.

Ofisi ya kuanzia

Ikiwa umefutwa kazi au kuna pesa zinazodaiwa, anza na afisa wa kazi, ambaye wengi humwita mtu wa leba. Makao makuu ya Wizara ya Kazi yako Social Security House, Bishops Road, na pale mapokezi utaelekezwa kwa afisa anayeshughulikia eneo la mwajiri wako. Faida ya afisa wa kazi ni kwamba Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2007 inampa mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kukagua rekodi na kuwahoji watu. Anaweza kumwita mwajiri mezani na kutoa pendekezo, lakini pendekezo lake si hukumu. Mwajiri mkaidi anaweza kulipuuza, na hapo njia inayobaki ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, Milimani.

Ikiwa bado uko kazini na shida ni mwenendo wa taasisi nzima, kwa mfano wanawake kulipwa kidogo kuliko wanaume kwa kazi yenye thamani sawa, Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa inafaa zaidi. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011 na ofisi zake ziko Solution Tech Place, Longonot Road, Upper Hill. Inachunguza, inapatanisha na inatoa mapendekezo, na mamlaka yake yanahusu jinsia, ulemavu, vijana, wazee na makundi yaliyotengwa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, iliyoko CVS Plaza, Kilimani, hupokea malalamishi ya ukiukaji wa haki kwa upana zaidi. Ubaguzi wa kikabila una ofisi yake, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, KMA Plaza, Upper Hill. Sheria yake ya mwaka 2008 inasema kwamba taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja, kigezo ambacho mlalamishi wa serikalini anaweza kukitumia moja kwa moja.

Aliyebaguliwa na ofisi ya umma anaweza pia kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Ombudsman, West End Towers, Westlands. Watumishi wa kaunti wana tahadhari ya ziada: rufaa dhidi ya uamuzi wa nidhamu hupelekwa kwanza kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90, na mahakama imewahi kuwarudisha watu waliokuja kwake kabla ya kupitia huko. Mtu mwenye ulemavu apitie Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, Waiyaki Way. Aliyebaguliwa kwa sababu ya virusi vya ukimwi anayo mahakama maalumu iliyoundwa chini ya sheria ya ukimwi ya mwaka 2006, ingawa hata Mahakama ya Ajira imewahi kusikiliza mashtaka ya namna hiyo. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 2013, mfanyakazi aliyetambulishwa kwa herufi VMK pekee alipewa karibu shilingi milioni 7 dhidi ya chuo kikuu kilichompima bila ridhaa na kumnyima ajira ya kudumu.

Ushauri wangu, kwa anayesitasita, ni kuchagua ofisi moja kuu na kuishikilia. Kusambaza barua ile ile kwa tume nne kwa siku moja huonekana kama bidii, lakini kila tume hungoja kuona nyingine inafanya nini. Mwanachama wa chama cha wafanyakazi aanze na katibu wake wa tawi, kwa sababu chama kinaweza kuripoti mgogoro kwa Waziri chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi, na kwa mtu aliyefutwa kinapaswa kufanya hivyo ndani ya siku 90.

Siku ya kuwasilisha

Beba kitambulisho, malalamishi nakala mbili, na viambatisho vilivyopewa nambari. Acha nakala halisi za stakabadhi nyumbani. Nakala yako ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na aliyepokea aandike jina lake. Bila muhuri huo, miezi sita baadaye huna namna ya kuonyesha kwamba ulifika. Omba nambari ya faili hapo hapo. Huduma hii ya kupokea malalamishi hailipiwi, kwa hiyo anayekuomba "kitu kidogo" ili faili isogee, andika jina lake na umripoti.

Muda haumsubiri mtu

Malalamishi ya kufutwa kazi isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kufutwa. Kesi mahakamani lazima ifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu chanzo cha dai, na ikiwa ni madhara yanayoendelea, ndani ya miezi 12 tangu yalipokoma. Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi ni kwamba mazungumzo hayasimamishi muda huo. Mahakama ya Rufaa imesema wazi kwamba kujadiliana na mwajiri hakuongezi siku hata moja, na mtu aliyengoja barua ya tume kwa miaka miwili na nusu anabaki na nusu mwaka tu. Andika tarehe ya mwisho kwenye jalada la faili lako, na mwezi wa 30 ukifika bila suluhu, mtafute wakili.

Asiye na pesa za wakili anaweza kuomba msaada wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016, au kwenda kwa shirika la Kituo cha Sheria, au kwa FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, ikiwa ni mwanamke. Anayepata mshahara wa jumla usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi, kesi yake husikilizwa na hakimu, na hiyo kwa kawaida ni nafuu kuliko Mahakama ya Ajira yenyewe.

Baada ya faili kufunguliwa

Tarajia mwajiri aandikiwe na apewe nafasi ya kujibu. Waajiri wakubwa hufika na wakili au mwakilishi wa Shirikisho la Waajiri, na wataleta barua za onyo ambazo pengine hujawahi kuziona. Usibishane nazo kwa hasira. Omba nakala, angalia tarehe, na uulize kama zina sahihi yako. Barua tatu za onyo zilizoandikwa zote baada ya siku uliyotangaza ujauzito au kuwasilisha malalamishi husaidia upande wako kuliko wao.

Mwajiri akikufuta kwa sababu umelalamika, hilo ni kosa la pili lenye uzito wake, kwani kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema kuwasilisha malalamishi si sababu halali ya kumfuta mtu, isipokuwa yawe ya kipuuzi na yasiyo na msingi. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, kifungu cha 41 kinakuruhusu kwenda na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Nenda naye, hata kama hatasema neno, kwa sababu atakuwa shahidi wa kilichosemwa.

Fidia ya kufutwa isivyo haki haizidi mshahara wa jumla wa miezi 12. Ubaguzi unaweza kuongezewa fidia yake peke yake kwa kuwa ni ukiukaji wa haki ya kikatiba, ndiyo sababu ni kosa kulipuuza neno "ubaguzi" na kudai "kufutwa" peke yake, kama baadhi ya watu wanavyoshauriwa ili mambo yaende haraka.

Mkikubaliana mezani, soma karatasi ya malipo ya mwisho kabla ya kutia sahihi. Karatasi hiyo huwa na mstari unaosema kwamba huna dai lingine lolote dhidi ya kampuni, na mahakama zimewahi kushikilia kwamba aliyeitia sahihi kwa hiari amejifungia mlango. Ikiwa pesa unazopewa ni za notisi na likizo pekee, ambazo ungezipata hata bila malalamishi, omba mstari huo uondolewe au uandike kando yake kwamba dai la ubaguzi linaendelea, kisha mwajiri atie sahihi hapo pia. Na cheti cha utumishi chini ya kifungu cha 51 ni haki yako kwa hali yoyote. Mwajiri hawezi kukizuilia ili akulazimishe kukubali kiasi kidogo, na akijaribu, mrudie afisa yule yule mwenye faili lako na umwombe amwandikie barua.